Ukoo wa Kuazima

Oliver alisinzia juu ya cherehani ya Sugrabai, mkono mmoja ungali kwenye gurudumu, na ile ndoto ikamjia kama inavyomjia kila mara wakati wa adhuhuri, joto linapotanda mtaa wa Kuze na hata paka wakaacha kuvuka njia. Ndotoni yuko uani kwa watu. Mwanamke anasiriba ukuta, mikono yake myekundu kwa udongo mpaka viwikoni. Mwanamke anageuka, anamwona, anacheka, anafungua kinywa amwite kwa jina. Hapo ndipo Oliver huamka. Jina lenyewe hajawahi kulisikia.

"Fundi! Mashine nimekuletea uitengeneze au uilalie?"

Sugrabai alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, rida yake ya waridi, vazi la Kibohora, ikiwa imeloa jasho kidevuni. Yeye ndiye mwenye nyumba. Yeye na mumewe Kasam wana duka la nyuzi na vifungo upande wa mbele. Karakana ya Oliver imejibana ubavuni. Na juu, penye dirisha la mbao lisilofunga sawasawa, ndipo Oliver na mkewe Nekesa walipopanga tangu mwana wao Yafeti hajaanza kutambaa.

"Nilikuwa nasikiliza inavyonguruma, bai."

"Aliyekuwa akinguruma ni wewe." Sugrabai alijivutia kigoda, akaketi. "Nasikia Jumamosi mwaenda kuposa. Mbona basi uso kama wa mtu anayepelekwa kung'olewa jino?"

Oliver alichukua kitambaa, akafuta mafuta ambayo hayakuwepo. "Watatuuliza ukoo."

"Si useme."

"Niseme nini?"

Sugrabai alikuwa akimjua Oliver tangu wote wawili wana meno yao yote. Mwaka jana tu alikwenda Gujarat na kurudi na picha ya mlango wa nyumba alimozaliwa babu yake, akawaonyesha majirani mpaka simu ikaisha moto.

"Babu yangu alipanda meli Bombay kuja Mombasa kuuza nyuzi," alisema taratibu. "Na baba wa babu yako naye alipanda meli Bombay kuja Mombasa. Yeye alikuja kufanya nini?"

"Kurudi kwao."

"Na kwao ni wapi?"

"Afrika."

Wakatazamana. Oliver ndiye aliyeanza kucheka, Sugrabai akafuata, wakacheka mpaka Kasam akachungulia kutoka dukani kuuliza kuna nini. Kisha kicheko kikaisha chenyewe.

"Arre, Oliver," Sugrabai akasema. "Afrika kubwa."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Baba wa babu yake Oliver, akiwa mtoto, alitolewa katika chombo cha wauza watu na manowari ya Waingereza, akapelekwa Bara Hindi kwa kuwa hakuna aliyejua pa kumrudisha. Akakulia huko katika shule ya mapadre, akafundishwa kufua chuma, akasahau lugha ya mamaye. Alipokuwa mtu mzima akaletwa Mombasa pamoja na wenzake, wakashushwa ng'ambo ya kisiwa, pale palipokuja kuitwa Frere Town. Wakaambiwa: haya, mmerudi nyumbani. Wakatazama pwani, wasimwone mtu wanayemjua. Watu wa pwani nao wakawaita Wamisheni, na nyuma ya migongo yao majina mengine.

Oliver alikuwa kizazi cha nne cha kurudi huko, na bado hajafika.

*

"Mtu akiulizwa ukoo, hasemi hana," Nekesa alisema. Alikuwa akipiga pasi shati la Yafeti kwa nguvu kana kwamba shati limemkosea. "Kwetu Bungoma mtu asiye na ukoo hapewi hata kiti, sembuse binti. Baba yangu alikataa chai yako, Baba Yafeti. Chai! Nikakufuata bila baraka, na mpaka anakufa hakuuliza mtoto wangu anaitwa nani. Hayo yamempata Nekesa, yatosha. Hayatampata Yafeti."

"Sijasema neno."

"Ndiyo maana nasema mimi."

Nekesa alikuwa ameshafanya zaidi ya kusema. Katika kiti cha wageni alikuwa ameketi mtu aitwaye Kiti, muuza madafu, ambaye mkokoteni wake husimama kivulini mbele ya duka la Kasam. Alikuwa Mgiriama wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusemea watu harusini na matangani, na Nekesa alikuwa amemwita apande juu, akampa uji na mahamri, kisha akamweleza shida.

"Si jambo kubwa," Kiti alisema, akifuta sukari midomoni. "Jumamosi mimi ni ndugu yako, fundi. Baba mmoja, mama tofauti. Nikiulizwa mbari nataja yangu. Mnazi wa kadzama, tembo la kuposea, nitauleta mwenyewe, wa mgema ninayemwamini, maana wageni hawafungui mdomo kwa Wagiriama mikono mitupu. Wewe kazi yako ni kukaa na kutikisa kichwa."

"Huo si uongo, Kiti?"

"Ni kuazimana. Wewe hujaniazima bisibisi?"

Oliver alitabasamu. Jambo lilikuwa linateleza mbele yake kama kitambaa chini ya sindano. Hakuona pa kulishika. Dirisha lilikuwa limeacha ufa wa jua ukutani, na ndani ya ufa ule vumbi lilipanda na kushuka bila haraka.

"Hao Wagiriama wenyewe lakini ni kina nani?" Kiti akauliza. "Huyo binti, Mejumaa, ni mtu wa wapi?"

"Ni watu wa Ganjoni," Oliver akajibu. "Baba yake ni Gunga, alikuwa mpakuzi bandarini."

Kiti alicheka, akampiga paja. "Ganjoni! Ganjoni nako kwa watu? Fundi, wewe kweli Mmisheni." Akageuka kumtafuta Nekesa, ambaye bila shaka alikuwa ameyauliza yote ya kuulizwa, lakini Nekesa alikuwa ameinama dirishani akimgombeza mtu wa tuktuk aliyeegesha juu ya kitoweo chake cha kuanikwa. Aliporudi mazungumzo yalikuwa yamehamia kwenye viatu. Yeye alijua kwamba Kiti ndiye Mgiriama, na mambo ya Wagiriama Kiti atakuwa ameyaangalia. Kiti alijua kwamba mama mwenye mwana haposi bila kuuliza. Oliver hakujua kwamba kuna la kuulizwa.

*

Nyumba ya Gunga ilikuwa ghorofa ya tatu, katika jengo la rangi ya maziwa yaliyochacha, nyuma ya shule moja ya Ganjoni. Walipanda ngazi kwa mstari: Kiti mbele na kofia ya kufuma, Oliver na mtungi wa mnazi uliofunikwa kwa kitenge, Nekesa, kisha Yafeti ndani ya shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

"Hodi wenyewe!"

"Karibuni, wageni."

Gunga alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye mabega yaliyopinda kwa magunia ya ujanani. Aliyesema si yeye. Aliyesema alikuwa kaka yake mkubwa, Tsofa, mzee mkavu aliyevaa koti la suti juu ya shuka, aliyekuwa ametoka Kaloleni asubuhi ile na hakuwa amefurahishwa na ngazi.

"Watu wa mjini mwakaa juu kama ndege," alisema. "Mtu akitaka kutema mate lazima aombe ruhusa."

Watu wakacheka. Mtungi ukapokewa, ukawekwa katikati ya zulia, karibu na runinga. Kutoka jikoni kulisikika wanawake wakinong'ona nyuma ya pazia lenye maua, na Oliver akajua kwamba Mejumaa yuko humo. Alimpenda msichana huyu. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na aliwahi kuja karakana na kuketi kwa saa nzima akiuliza kila chuma kinaitwaje, si kwa adabu bali kwa kutaka kujua.

Kiti alifanya kazi yake vizuri. Aliwasalimu waliopo na wasiokuwepo. Alisema wameona ua zuri katika bustani ya watu, na kwa kuwa wao si wezi, wamekuja kubisha hodi mlangoni. Tsofa alitikisa kichwa kwa kuridhika. Hatimaye mtu anayejua kusema.

"Na hao waliobisha hodi," Tsofa akauliza, "ni mbari gani?"

"Sisi ni Amwatsuma," Kiti alisema, na kifua chake kikajaa. Kwa upande wake hilo lilikuwa kweli. "Mimi na ndugu yangu huyu."

Jikoni minong'ono ikakatika.

"Amwatsuma," Tsofa alirudia.

"Ndio sisi."

"Basi karibuni nyumbani." Tsofa alikunjua mikono. "Na sisi ni Amwatsuma."

Yafeti akatabasamu. Oliver naye akatabasamu. Moyo wake ulipanda kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Ala! Basi vizuri sana," alisema, na yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu aingie. "Kumbe tu watu wa nyumba moja!"

Nekesa alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Vizuri?" Tsofa akauliza. "Bwana, umekuja kumwoza mwanao dada yake, nawe wasema vizuri?"

Hapo ndipo Oliver alipoelewa. Alimtazama Kiti. Kiti alikuwa akitazama zulia, jasho likimtoka chini ya kofia.

Lakini Gunga hakukasirika. Alisimama, akavuka zulia, akamshika Oliver mabega. "Msione haya," alisema. "Mambo ya mjini haya. Watoto wanakutana, hawaulizani. Mungu ametuonyesha mapema kabla hatujaharibu. Harusi haipo, lakini nimepata ndugu. Ndugu yangu, karibu." Akamkumbatia.

Oliver hakuwahi kukumbatiwa hivyo. Shati la Gunga lilinukia sabuni ya mche na tumbaku, na kwa muda mfupi, akiwa amefumba macho ndani ya bega lile pana, alijiona akishuka taratibu kama mtu anayezama ndani ya maji ya uvuguvugu. Alikuwa na ndugu. Alikuwa na kilima huko Kaloleni ambako watu wangemwuliza habari za safari. Angekufa angekuwa na watu wa kumlilia kwa jina la ukoo. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, kama alivyoagizwa, na kutikisa kichwa. Wangekunywa, wangecheka, Yafeti na Mejumaa wangeambiwa wasalimiane kama ndugu, na hakuna mtu angejua kitu, milele.

Alifumbua macho. Yafeti alikuwa bado ameketi, mikono juu ya magoti. Tabasamu lake halijaondoka. Lilikuwa limesahauliwa pale usoni, kama taa iliyoachwa ikiwaka mchana. Alikuwa akilitazama pazia la jikoni.

"Bwana Gunga," Oliver alisema. "Niachilie kidogo."

"Nini, ndugu yangu?"

"Mimi si ndugu yako. Huyu si ndugu yangu. Huyu anauza madafu."

"Fundi," Kiti alinong'ona.

"Anauza madafu mbele ya nyumba ninayokaa. Nilimwazima. Mimi sina mbari, si hii wala nyingine. Mababu zangu ni wale watu wa Frere Town. Walinyang'anywa kwao wakiwa watoto, wakapelekwa Bara Hindi, wakarudishwa hapa. Tulipotolewa hatupajui. Niliona haya kusema, nikaja na uongo. Mwanangu si ndugu wa binti yako, bwana. Si ndugu wa mtu yeyote."

Gunga alirudi nyuma hatua moja. Alikitazama kiganja chake, kana kwamba kimeguswa na kitu.

"Watu wa kuokotwa," Tsofa alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja aina ya samaki. Kisha akamgeukia Kiti, na ukali wote akampa yeye. "Na wewe! Mtoto wa Amwatsuma! Unagawa mbari kama madafu? Ulimtobolea na mrija?"

Kiti hakuinua kichwa.

"Tokeni nje," Tsofa akasema. "Tunataka kusemezana. Wewe muuza madafu baki. Na wewe una kesi."

*

Wakakaa kwenye ngazi. Hapakuwa na pengine. Nekesa alikunja gauni lake jema akaketi kidato cha juu, Oliver cha chini yake, Yafeti akasimama akiegemea ukuta, na chokaa ikampaka shati mgongoni. Mwanamke wa ghorofa ya nne alipanda na vikapu vya sokoni. Ikabidi wote watatu wainuke na kujibanza.

"Mna msiba?" aliuliza.

"La, posa," Nekesa akajibu.

Mwanamke akawatazama, akatazama mlango uliofungwa, akaendelea kupanda bila neno jingine.

Mlangoni mwa jengo, chini, watoto walikuwa wakicheza kwa sauti za mbali, kama sauti zinazosikika mtu akiwa na homa. Oliver alihisi usingizi. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Jambo likizidi, macho huwa mazito.

"Baba," Yafeti alisema, "mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Sina cha kukuambia."

"Hilo ndilo la kuniambia. Shule nzima niliulizwa kabila gani, nikawa nasema la Mama. Nilidhani unalo lako, huligawi tu. Nilidhani labda sijafikia umri."

Oliver aliinua uso. Alitaka kusema kwamba yeye pia alidhani hivyo kuhusu babaye, neno kwa neno, na kwamba alingoja mpaka siku ya kumzika.

"Basi usimgombeze," Nekesa alisema. "Aliyemleta Kiti ni mimi. Na Kiti nimemlisha mahamri yangu!" Alicheka, kicheko kibaya, kisha akaegemeza goti lake kwenye bega la mumewe, akaliacha pale. "Miaka yote nimekutania, Baba Yafeti. Mtu wa melini, mtu asiye na nyuma. Sikujua kama uongo wenye raha ungewekwa mkononi mwako, ungeurudisha."

"Nimevunja kila kitu."

"Ndiyo," alisema Nekesa. "Lakini umekivunja wewe. Sikuwahi kukuona ukivunja kitu."

Mlango ukafunguliwa. Gunga alisimama pale, mpana kama mlango wenyewe. "Ingieni," alisema. Hakusema karibuni.

*

Kiti alikuwa amehamishiwa pembeni, kwenye kiti cha plastiki, bila kofia. Mtungi ulikuwa bado katikati, haujafunuliwa.

Tsofa alisafisha koo. "Tumesema mengi. Ndugu yangu alitaka muende zenu. Mimi nikasema, mtu aliyekataa kilichokwisha kuingia mkononi, nataka kumsikia. Fundi. Hujui ulikotoka. Haya. Unaowajua, wataje. Waliokuzaa wewe. Anzia yule uliyeambiwa ndiye wa kwanza."

Oliver hakuwahi kuwataja. Si mbele ya watu. Si hata peke yake. Walikuwa ndani yake kama vyombo ndani ya kabati ambalo halifunguliwi, na sasa alipofungua alishangaa kwamba vimo.

"Wa kwanza ni Jona," alisema. "Alipewa jina hilo kwa sababu alitolewa tumboni mwa chombo. Jina alilozaliwa nalo alilisahau. Alikuwa mhunzi. Aliogopa bahari mpaka kufa kwake. Mapadre walimpa nyumba inayotazama maji, akageuza mlango akauweka nyuma. Alikumbuka jambo moja tu la kwao: mamaye akisiriba ukuta kwa udongo mwekundu. Aliwaambia wanawe, wakaniambia mimi. Hilo ndilo shamba tulilorithi.

"Jona aliozwa Rakeli. Naye aliletwa kutoka Bombay, naye hakujua kwao. Walisemezana Kihindi, maana hawakuwa na lugha nyingine ya kupendania. Wanasema Rakeli aliwagombeza mbuzi wake kwa Kihindi, na mbuzi wakaelewa. Wakamzaa Danieli. Danieli alikuwa karani kwenye ghala, hakutoka nje bila viatu hata kwenda chooni, kwa kuwa babaye alimwambia mtu aliyefungwa hutembea pekupeku. Danieli akamzaa Elieza, fundi cherehani, baba yangu, mtu mkimya. Makaburi yao yako ng'ambo ile, yote mahali pamoja. Hayafiki mbali. Nikisimama kwenye la kwanza naliona la mwisho. Kisha mimi. Kisha huyu. Tumekwisha."

Nje honi ya tuktuk ililia na kunyamaza. Pazia la jikoni lilikuwa limesogea, na kwenye ufa wake palikuwa na jicho.

Gunga alikuwa ameinamisha kichwa. Aliposema, sauti yake ilikuwa imelainika. "Nimesikia. Sina ugomvi na watu hao. Basi tufanye hivi. Watoto wakae pamoja. Watakaozaliwa wawe wetu, wa mbari yetu, majina tutawapa sisi. Hawatakosa kitu. Hawataulizwa wakakosa la kujibu. Si ndicho ulichokuja kutafuta?"

Nekesa alimgusa Oliver mkono. Ilikuwa ahadi nzuri kuliko walivyotarajia walipokuwa kwenye ngazi. Yafeti alikwisha kufungua mdomo kushukuru.

"La," Oliver alisema.

"La?"

"Usinichukie, bwana. Asubuhi ningekubali. Asubuhi ningechukua ukoo wowote, hata wa kuokota njiani, na nimekuonyesha. Lakini hao niliowataja, kila aliyewashika aliwapa jina analotaka yeye. Mabaharia, mapadre, makarani. Hakuna aliyewauliza. Wajukuu wangu wasipewe jina na mtu mwingine tena. Wawe wa Jona. Kama ni kidogo, kiwe kidogo, lakini chao."

"Umekuja kuniomba mtoto," Gunga alisema, na shingo yake ikajaa, "umekuja na uongo, nimekusamehe, nimekupa mbari ya bure, nawe unanitolea masharti? Nyumbani kwangu?"

"Ndiyo, bwana. Nisamehe."

"Baba!" Yafeti alisema.

Oliver alimtazama mwanawe, akaona kwamba huenda amemnyang'anya kila kitu ndani ya neno moja, na kwamba huenda Yafeti hatamsamehe. Hata hivyo neno halikurudi. Lilikaa pale chumbani kama samani mpya.

Tsofa alianza kukohoa, ikachukua muda kujua kwamba anacheka. "Gunga, kaa," alisema. "Mtu huyu alipanda ngazi hana kitu, na sasa ana kitu cha kukunyima. Kaa. Mbona tunapigana sisi, na mwenye kuulizwa yuko jikoni? Mwite mtoto."

Gunga alipumua kwa pua. Akakaa. "Mejumaa!"

Pazia likafunguka. Mejumaa alitoka na leso mbili, mikono bado ina unga, akapiga magoti kando ya babaye kama inavyotakiwa. Hakumtazama Yafeti.

Kuna swali ambalo baba humwuliza binti siku kama ile, mbele ya wageni, kabla mnazi haujanywewa. Ni swali la desturi tu. Binti hujibu kwa neno moja, wanawake hupiga vigelegele, na kazi inaendelea. Hakuna anayekumbuka kwamba liliulizwa. Gunga aliliuliza polepole, na safari hii kila mtu alilisikia.

"Mwanangu, hawa watu unawajua?"

"Nawajua, baba."

"Unawajuaje? Sisi wazee hatuwajui. Wenyewe hawajijui."

Mejumaa alisugua unga vidoleni. Sauti yake ilianza chini, sauti ya mtu anayesoma darasani akiogopa kukosea. "Yule ni Yafeti. Yafeti ni wa Oliver, fundi cherehani wa Kuze. Oliver ni wa Elieza, fundi naye, mtu mkimya. Elieza ni wa Danieli, karani, aliyevaa viatu. Danieli ni wa Jona, mhunzi, aliyetolewa chomboni, akapelekwa Bara Hindi, akarudi, akaweka mlango nyuma ya nyumba." Akafikiri. "Na Jona ni wa mwanamke aliyekuwa akisiriba ukuta. Basi."

Oliver alikuwa amekaa wima. Aliwasikia wakipita chumbani mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya msichana, kwa mpangilio, kama watu wanaoingia kwenye nyumba walikoalikwa.

"Umemruka Rakeli," Nekesa alisema.

Wote wakamgeukia. Nekesa, mtu wa Bungoma, ambaye katika miaka yake yote ya ndoa hakuwahi kulitamka jina lile, alikuwa amekunja uso kama mwalimu.

"Rakeli, mke wa Jona. Aliyewagombeza mbuzi. Huwezi kumruka, yeye ndiye aliyezaa."

"Samahani, mama," Mejumaa alisema.

Gunga aliwatazama wanawake wawili hawa. Akamtazama Oliver, kwa muda mrefu, bila tabasamu. Kisha akajiegemeza kitini na kumwashiria binti yake kwa kidole.

"Basi anza upya," alisema. "Siku ya kuwafundisha wanao usije ukamruka mtu."

Mejumaa akaanza upya.